Mashine yangu ya barafu ilikuwa inagoma kila saa nane mchana, nikaenda kununua kondansa nzima

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo, na aliye kwenye baridi aje Bujumbura tubadilishane.

Humu ndani mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Ila kuna mkuu mmoja aliuliza kwa nini friza lake la bucha linazima mchana na jioni linafanya kazi vizuri tu, nikaona watu wamejazana kumshauri aongeze gesi. Nikasema hapana, leo naandika. Huo ugonjwa naujua kwa jina na kwa sura.

Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe. Majina tu nimeyageuza, kwa sababu mmoja wa wahusika ana mdomo, na mwingine bado nahitaji aniuzie vitu.

Twende.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, nimezaliwa hapa, baba yangu pia. Mtaani wananiita Mara Mbili. Si jina la ngumi. Ni kwamba kila kitu nahesabu mara mbili: chenji, misumari, viti vya kukodi. Mke wangu alipojifungua mapacha, nesi alitoka akaniambia ni wawili. Nikaomba kuingia nihakikishe.

Biashara yangu ni barafu. Mashine ilikuwa ya hoteli moja iliyokuwa inabadilisha vyombo vyake. Niliipata baada ya kuizunguka siku kadhaa nikiisema vibaya mbele ya mwenyewe, mpaka akaanza kuionea aibu.

Kwa wasiojua, mashine ya aina hii iko vipande viwili.

Chini, chumbani, kuna mashine yenyewe inayogandisha maji. Juu ya paa kuna kondansa: sanduku la bati lenye mapezi membamba ya alumini, na feni. Katikati yao ni mabomba mawili ya shaba. Moja linapandisha gesi ikiwa moto, lingine linaishusha ikiwa imepoa na kuwa kimiminika.

Kazi ya kule juu ni moja tu, kutupa joto. Joto lote linalotolewa kwenye maji lazima liende kumwagwa mahali. Ukiweka kila kitu ndani ya chumba kimoja unapata barafu na sauna kwa pamoja, na sauna hapa Bujumbura hainunuliwi, tunayo bure.

Sasa nimtaje Mama Zawadi.

Asili yake ni Uvira. Samaki anawachukua Ruziba kwa wavuvi, anawauza kwa watu wa Kinanira na Kigobe, wale wanaotaka mukeke aliyenyooka kama vile ametoka majini sasa hivi. Kila alasiri anakuja kwangu na mabeseni. Anapanga barafu, samaki, barafu. Wenzake wauza samaki wako nyuma yake. Sijawahi kumsikia akiwaita. Akiweka beseni chini wanaweka, akiinua wanainua.

Kwa hiyo mkisoma Mama Zawadi, muelewe kwamba nasema biashara yangu yote.

Basi, mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa limekaa juu ya kila kitu na joto limeanza kubana, mashine ikaanza vituko. Asubuhi inatoa barafu safi, vipande vimeshiba. Kufika saa nane mchana, kimya. Taa nyekundu. Unasubiri, unabonyeza kitufe cha reset, inaunguruma kidogo, kimya tena. Jua likishuka, inaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea.

Nikaona nimeajiri mtumishi wa ofisi. Asubuhi yupo, mchana hayupo, ukimuuliza anasema alikuwepo.

Nikaanza upelelezi. Umeme ulikuwepo, kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumlaumu. Maji yalikuwa yanaingia. Chujio nikalitoa, nikalisafisha, nikalirudisha. Mashine ikagoma saa nane ileile.

Fundi mmoja wa mafriji alikuwa anapita na mtungi wa gesi begani. Hakufungua kitu, hakugusa kitu. Akasema gesi imeisha. Nikamuuliza amejuaje. Akasema mtungi wake umejaa. Nikamshukuru, nikafunga mlango.

(Mkuu wa bucha, hapo ndipo nakuangalia wewe.)

Nikaazima ngazi, nikapanda paani mwenyewe.

Kondansa ilikuwa imevaa koti. Vumbi, manyoya ya njiwa, na mfuko wa plastiki uliong'ang'ania kwenye mapezi kama una mkataba. Nikazima umeme kwenye swichi kubwa, nikapiga brashi polepole, nikamwagia maji ya bomba bila presha kubwa, maana yale mapezi ni laini, ukiyapinda hewa haipiti tena. Ilipokauka nikawasha.

Feni ikaanza kuzunguka. Nikakaa kwenye ukingo wa paa nikaitazama, kwa sababu mtu akishasafisha kitu anataka kukiona. Nikahesabu mapanga ya feni: manne. Nikahesabu tena: manne. Hakuna lililopotea.

Nikashuka nimeridhika. Naomba hapo mpakumbuke.

Kesho yake mashine ilijikaza kidogo kupita kawaida yake, halafu taa nyekundu ikawaka.

Hapo nikampigia Fundi Byamungu. Huyu ndiye fundi wangu wa siku zote, Mkongomani mrefu, mwenye sauti ya mtu anayehutubia uwanja hata akiomba chumvi. Alikuwa Rumonge anafunga chumba cha baridi, na mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, kwa hiyo kurudi kwake ilikuwa habari ya Mungu. Simu inakatakata. Nikamweleza yote: asubuhi nzima, mchana hoi, kondansa nimeiosha.

Akaniuliza kama feni inazunguka.

Nikamwambia inazunguka, nimeiona kwa macho yangu, na mapanga yake yote manne yapo, nimehesabu mara mbili.

 Akacheka, kicheko kile kirefu. Nilidhani anaicheka tabia yangu. Watu wengi wanaicheka, mpaka siku chenji yao inapopungua.

"Baba Hassani," akasema, "basi iyo ni kondansa. Badilisha kondansa tu, mashine itapona."

Simu ikakata. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikatoka uani nikainua macho, nikaliangalia lile sanduku juu ya paa langu. Kubadilisha hilo! 

Kesho yake, Jumatano, Mama Zawadi akaja bila beseni. Mfanyabiashara akija bila chombo chake, jua kuna maneno. Akakaa juu ya kreti ya soda aliyoipindua, akanieleza kwamba amepata kazi ya harusi. Ni ya Jumamosi, kule Kigobe, na wenye harusi wanataka samaki mzima kwa kila meza, mukeke na sangala. Wavuvi wa Ruziba wanamletea Ijumaa alasiri. Lazima walale kwenye barafu mpaka asubuhi ya harusi. Samaki wakilegea, ni jina lake linalolegea mbele ya Kigobe nzima.

"Baba Hassani, mi sikukuja kugombana. Ijumaa saa kumi samaki inafika hapa."

Nikamwambia mashine itakuwa tayari.

"Itakuwa, ama iko?"

"Itakuwa."

Akaniangalia kama anavyoangalia jicho la samaki wa jana.

"Kule port kuna mwengine anauza barafu. Iko chafu kidogo, na ule bwana ananiitaka chérie, kama vile niko mupenzi wake. Sipendi kwenda. Lakini nikienda Ijumaa, Jumamosi sitarudi huku. Miguu yangu haitaki kuzungukazunguka."

Akainuka, akairudisha kreti ilivyokuwa, akaondoka. Wakuu, nimewahi kutishwa na watu wenye bunduki, sikutoka jasho lile.

Nikavaa koti nikaenda kwa Hajji Sudi.

Hajji Sudi anauza vyuma vya zamani huku Buyenzi: kompresa, moteri, feni, mapaa ya magari. Ni mzee safi, anaswali, hasemi uongo. Ila bei yake ya kwanza siwezi kuiita ukweli.

Sikuuliza kondansa. Mtu anayeuliza kitu anachokitaka ameshapoteza. Niliuliza kuhusu mkanda wa mashine ya kusaga, nikanywa chai yake, nikauliza hali ya magoti yake. Nikiwa natoka ndipo nikaona, kwa bahati tu, kondansa nzuri kando ya ukuta, feni yake iko, ncha za mabomba zimezibwa kwa kofia. Nikaigusa kwa kiatu. Nikauliza hili bati anauza kwa kilo?

Hajji akatabasamu. Amenijua tangu nikiwa na kaptula.

Akataja bei. Nikamuuliza kama kwa bei hiyo na paa la kuiwekea limo.

Akashusha kidogo. Nikaondoka. Nikarudi, kwa sababu nilisahau kofia yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha makusudi. Akashusha tena. Nikamwambia mapezi yamepinda. Akasema hata yake yamepinda na bado mkewe anampikia. Hapo alinipata, nilicheka, na ukicheka kwenye bei umetoa pointi.

Mwishowe akagoma kushuka, kama mashine yangu saa nane. Mimi mtu akigoma kwenye bei nahamia kwenye masharti. Nikaomba niruhusiwe kuirudisha kabla ya swala ya Ijumaa, mradi zile kofia za mabomba zisifunguliwe. Vumbi na unyevu vikishaingia kwenye mabomba, ni kitu kingine kabisa, na yeye analijua hilo. Akakubali.

Halafu nikaomba matabishi.

Wakuu wa Dar na Mombasa, matabishi ni kile kidogo muuzaji anachokuongezea mkishamalizana, ili uondoke na uso mzuri. Huku kwetu usipoomba matabishi muuzaji mwenyewe anashtuka, anadhani unaumwa.

Hajji akaingiza mkono kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga. Akatoa bolti nne, utepe mweusi wa fundi umeme, kipande cha mpira wa kuvalisha bomba, na kikopo kidogo cheupe cha plastiki, chenye ukubwa wa kibiriti na nyaya mbili. Nikauliza hicho ni nini. Akasema kilikuja na moteri ya feni fulani, hakijawahi kutumika, nichukue hata kama ni kwa kuchezea mapacha.

Nikahesabu matabishi yangu. Saba. Nikahesabu tena, saba. Nikayatia mfukoni mwa koti.

Nilirudi na tuktuk, kondansa imekaa kwenye kiti na mimi nimening'inia pembeni kama konda. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nusu ya bei ya kwanza, wakuu! Nikaisimamisha uani watu waione.

Mke wangu, Mama Hassani, akaizunguka, akafuta mikono kwenye kitenge, akauliza: "Na kama siyo iyo?"

Nikamwambia fundi amesema.

Alhamisi ikapita, fundi hapatikani kwenye simu. Mashine ikagoma saa nane. Sikuonja chakula cha mchana, na ilikuwa ndagala na ugali wa muhogo, ambavyo mimi siviachagi.

Ijumaa asubuhi, Fundi Byamungu huyo. Amefika juu ya lori la mawese kutoka Rumonge, amekaa juu ya madumu, suruali ina mafuta kuliko nchi nzima. Alikuwa anasalimia mtaa mzima kwa sauti. Akaingia uani, akasimama mbele ya lile sanduku.

"Iyo nini?"

"Kondansa," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Yangu. Si ulisema nibadilishe kondansa?"

Akaweka begi chini. Akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Nilisema kondansa ya moteri!"

"Ulisema kondansa."

"Sasa kondansa si kondansa?"

Ngojeni niwaeleze, maana hili ni letu sisi wa huku. Ufundi wote hapa umeingia kwa Kifaransa. Lile sanduku la paani Wafaransa wanaliita kondansere. Halafu kuna kidude kingine, kikopo kidogo kinachoipa moteri ya feni nguvu ya kuanza na kukimbia. Hicho wanakiita kondansatere. Kwenye gereji zetu hakuna mtu mwenye muda wa kufika mwisho wa neno, kwa hiyo vyote viwili ni kondansa. Kimoja kinabebwa na tuktuk, kingine kinaingia mfukoni.

Ninyi wenzetu mna bahati. Kwenu kondensa ni kondensa na kapasita ni kapasita, mnalala usingizi.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia ningejuaje, wakati feni nimeiona inazunguka vizuri.

Fundi akanitazama kwa huruma, jambo ambalo halimtokei mara nyingi.

"Baba Hassani. Ile feni ikiwa inazunguka, ulihesabu panga yake?"

"Nilihesabu. Nne. Mara mbili."

"Feni muzima inaonekanaka kama sahani. Mutu hawezi kuhesabu sahani. Kama unaweza kuhesabu panga, iyo feni iko inatembea tu, haiko inakimbia."

Wakuu, nilikaa chini. Ile kreti ya Mama Zawadi ndiyo ilinipokea.

Ushahidi wote nilikuwa nao mkononi, niliuhesabu, tena mara mbili, na sikuuona. Yeye aliposikia kwenye simu kwamba nimehesabu mapanga yanayozunguka, alijua papo hapo. Ndiyo maana alicheka.

Tukapanda paani. Akanionyesha. Feni inajikokota kama mtu anayetoka msibani. Akanishikisha bomba linaloshuka kurudi chini: lilikuwa la moto, wakati linapaswa kuwa vuguvugu tu. Joto halitupwi vya kutosha. Asubuhi hewa yenyewe ni baridi, inasaidia. Mchana jua likikaa juu ya bati, presha ndani ya mabomba inapanda mpaka swichi ya usalama inakata, kabla kitu hakijapasuka. Kumbe mashine ilikuwa haigomi. Ilikuwa inajiokoa.

Na mngemsikiliza yule wa mtungi mngeongeza gesi juu ya presha hiyohiyo.

Fundi akazima umeme, akaumaliza umeme uliobaki ndani ya kile kikopo kwa namna yake ya kifundi. Msiiige nyumbani, kile kidude kinapiga hata swichi ikiwa imezimwa. Akakichomoa. Kilikuwa kimevimba tumbo. Akakipima na mita, kimebaki na chini ya nusu ya nguvu iliyoandikwa ubavuni.

Akasema lazima kipatikane kingine cha namba hiyohiyo. Akaanza kutaja maduka ya mjini, na mimi nikaanza kuhesabu: kutafuta gari, foleni ya mafuta, maduka yanayofunga Ijumaa kwa ajili ya swala. Jasho likaniingia machoni. Nikaingiza mkono kwenye koti nitafute leso.

Nikatoa matabishi.

Kile kikopo cheupe kilikuwa kimekaa kwenye kiganja, kinaniangalia. Fundi Byamungu akakinyakua. Akasoma namba. Akasoma ya kile kilichovimba. Akapima. Akapima tena, na mimi nikampenda kwa hilo.

"Ulitoa wapi?"

"Matabishi."

Akakifunga. Akawasha. Feni ikashtuka, ikachukua mwendo, halafu mapanga yakapotea. Nilijaribu kuyahesabu, nawaapia. Sahani. Upepo wa moto ukanipiga usoni, na sijawahi kufurahia kuunguzwa kiasi kile.

Lakini kazi ilikuwa nusu. Kondansa ya Hajji ilitakiwa irudi kabla ya swala.

Tuktuk tena. Hajji Sudi alikuwa ameshavaa kanzu, anafunga banda. Akakagua zile kofia za mabomba, hazijaguswa. Mtu wa ahadi, akafungua droo akanirudishia changu bila neno. Nikahesabu upesi, nikaanza kuaga.

"Na matabishi?"

Nilikuwa naomba asahau. Bidhaa ikirudi, matabishi yanarudi, ndiyo desturi. Nikamimina mezani. Bolti nne, utepe, mpira.

Hajji akahesabu. Akahesabu tena.

"Zilikuwa saba."

Nikamwambia labda anakosea.

"Uliihesabu mbele yangu, Baba Hassani. Na we unahesabukaka kwa sauti."

Miaka yote mtaani, na hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Nikakiri kwamba cha saba kiko juu ya paa langu kinazungusha feni. Hajji akakaa tena kwenye kiti chake, na kanzu yake nyeupe, akaanza kutabasamu polepole. Adhana ikaanza. Tulikuwa na muda wa kunawa tu, na yeye alijua kwamba siwezi kukichomoa.

Nimewahi kupigwa bei kwenye mambo mengi. Sikuwahi kupigwa bei ya kitu nilichopewa bure.

Tulikubaliana kwamba nyumba yake itapata barafu ya futari mwezi mzima wa Ramadhani. Nilijaribu kutoa siku ambazo mvua itanyesha. Akasema tutaongea mbele ya imamu. Nikakubali, tukaenda kuswali bega kwa bega.

Saa nane kasorobo nilikuwa mbele ya mashine.

Mama Zawadi alifika mapema kuliko alivyosema. Mabeseni aliyaacha nje, hakuyaingiza. Akaipindua kreti, akakaa. Fundi Byamungu alikuwa upande wa pili anamaliza sahani ya pili ya wali wa mke wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anakula kimya. Wote tulikuwa tunasikiliza.

Saa nane ikafika. Bati la paa lilikuwa linalia kwa joto, mnajua ile sauti ya kwa-kwa-kwa. Mashine inaunguruma. Taa ya kijani.  Saa nane ikapita, nikaangalia saa ya Fundi nilinganishe na yangu.

Halafu ndani ya mashine kukatokea kile kishindo: barafu mpya inaachia, inamwagika kwenye pipa lake. Kama mtu amemwaga kokoto.

 Mama Zawadi aliinuka, akatoka nje, akaingiza beseni lake, akaliweka chini. Nyuma yake nikasikia mabeseni mengine yakiwekwa, moja baada ya jingine.

Saa kumi samaki wakafika, mukeke na sangala, wakalala juu ya barafu yangu. Jumamosi walikuwa Kigobe. Nimeambiwa bwana harusi alikula wawili.

Ila hiyo Ijumaa, tulipomaliza kupakia kila kitu na nimeshashika mlango, Mama Zawadi akageuka.

"Na matabishi yangu?"

Nikamjazia ndoo nzima. Sikuhesabu.

Sawa, nilihesabu mara moja.

Wakuu, nilichojifunza. Mashine yenye kondansa ya paani ikizima mchana na kuamka jioni, usikimbilie gesi wala usikimbilie kununua. Panda juu. Angalia kama mapezi yanapumua. Itazame feni: ikionekana kama sahani, tafuta ugonjwa kwingine. Ukiweza kuhesabu mapanga, umeshaupata. Na fundi akikutajia kifaa kwenye simu, muulize kina ukubwa gani. Angesema "kama kibiriti" nisingepakia sanduku zima kwenye tuktuk, na Hajji angenunua barafu yake ya futari kama watu wengine.

Kondansa aliiuza wiki iliyofuata, kwa bei ya juu kuliko yangu. Sijui mnunuzi aliishika kwa kiatu au kwa mkono.

Mkuu wa bucha, panda juu ya paa lako, urudi utuambie umeona sahani au umeona mapanga. Na wengine ambao neno moja la fundi limewapeleka sokoni kununua kisichoumwa, wekeni visa vyenu hapa chini, nisibaki peke yangu. Majibu nitayasoma yote, na mnajua nitayahesabu mara ngapi.